Mama Aliporudi Bwawani

Juzi nilikuwa Kaplong nikingoja pancha izibwe. Fundi alikuwa anashughulika na tyubu ya trekta ya mtu mwingine, anaisugua kwa msasa, anaipaka gundi, anaipuliza kwa mdomo ikauke. Harufu ile ya mpira na gundi ilinishika koo. Nikamwuliza kama mwenye tyubu akiitupa ataniwekea. "Madam, na hauna trekta, utafanyia nini?" Nikamwambia nataka kuvulia samaki bwawani. Akacheka, vijana wake wakacheka, na mmoja akasema kwa Kipsigis, akidhani mimi ni mgeni, kwamba wanawake wa siku hizi wamepotea kabisa. Nikamjibu kwa Kipsigis hichohicho kwamba mimi nilipotezwa na mama yangu kabla yeye hajazaliwa, na bado sijaona sababu ya kurudi.

Ninyi tunaolingana umri, mliokulia kwenye chai upande ule wa Roret, hamhitaji kuelezwa mengi. Mnakumbuka betri za redio zikianikwa juani ili zipate nguvu ya kusoma taarifa ya habari. Mnakumbuka aproni za nailoni zilizolowa umande zikitupiga magotini, na mvua ya saa nane iliyofika kwa wakati kuliko mwalimu. Mnakumbuka pia kwamba hatukula samaki. Msijifanye. Leo mnawaagiza wakiwa wamekaangwa na limau pembeni, mkipiga picha, lakini wakati ule samaki alikuwa jamaa wa nyoka, na mtu aliyemla alinuka hata kama hanuki.

Mama yangu hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mmaragoli, binti wa mchuma chai aliyetoka Uluhya akiwa kijana na kupewa chumba kimoja katika laini, yaani zile safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa. Laini hizo zilikuwa bondeni. Mama alizaliwa humo. Alipofika miaka kama kumi, wenye shamba waliamua kujenga bwawa. Watu wakahamishiwa laini mpya mlimani, mikaratusi ikakatwa ikabaki visiki, mabati na milango ikang'olewa, kisha maji yakaachiwa yapande polepole juu ya sakafu za saruji, juu ya barabara na kalavati lake, juu ya ile sakafu pana ambapo wanawake walikuwa wakifulia nguo. Baadaye walimwagwa humo samaki wadogo wa mdomo mpana, wale wasioweza kuona kitu kinapita bila kukivamia.

Baba yake mama, ambaye sisi wajukuu tulimwita Guga, ndiye aliyegundua siri ya bwawa lile. Samaki hawa hawapendi uwanja, wanapenda pembe. Wanakaa kando ya kisiki, mdomoni mwa kalavati, ukingoni mwa sakafu ya nyumba. Ukitupa ndoana katikati ya maji utakaa mpaka uote mizizi. Lakini ukipanda chelezo, ukaachia mshipi mrefu nyuma yako wenye kijiko kinachometameta, ukaukokota kando ya vitu vilivyozama kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba anayerudi nyumbani, watatoka wenyewe kukikimbilia. Na nani angejua kila kitu kilipo chini ya maji kuliko mtoto aliyecheza kati ya vitu hivyo? Guga alipiga kasia, mama akashika mshipi. Mama alipanga safari kwa kutazama nchi kavu: bati la kanisa likikutana na bomba la moshi la kiwanda, hapo uko juu ya kalavati.

Kisha akaolewa na baba, dereva wa trekta la kubeba majani, na Kogo akamwekea sharti moja. Kogo ni nyanya yangu mzaa baba. Hakuwa mtu mbaya, na nalisema hili mapema kwa sababu najua mnavyopenda nyanya wabaya. Sharti lake lilikuwa kwamba mkono ulioshika samaki hautashika maziwa ya boma lake. Ng'ombe watakauka, alisema, na hata wasipokauka, nani atakunywa? Mama alikubali. Kwa miaka kumi na minne hakukanyaga bwawa, ingawa ukisimama kwenye choo chetu uliliona lote. Badala yake alijifunza mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni. Alijifunza kuchoma fimbo ya mti wa senetwet mpaka iwe makaa, kusugua makaa hayo ndani ya kibuyu, ile sotet, na kujua kwa kunusa tu siku ambayo maziwa yameiva. Akawapita waliomfundisha. Vidole vya Kogo vilikuwa vimekwisha kupinda kwa ugonjwa wa viungo, kwa hiyo vibuyu vyote vya boma vikawa vya mama, na wageni walisema hawajawahi kunywa mursik laini namna ile. Kogo alizipokea sifa kana kwamba ni zake.

Nilikuwa na miaka tisa Guga alipofariki. Mama alikwenda mazishini Uluhya peke yake na kurudi baada ya wiki. Alirudi na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kibao kilichoviringishwa mshipi wa Guga, na mwisho wa mshipi kile kijiko kisicho na mpini, kimetobolewa matundu mawili, ndoana yake imefungwa uzi mwekundu wa sweta. Cha pili kilikuwa samaki wa kukaushwa, ambao shangazi zake walimfungia kwenye gazeti, kwa sababu kwao binti haondoki matangani mikono mitupu. Aliweka kifurushi kwenye rafu ya jikoni akaenda kubadilisha nguo. Aliporudi, Kogo alikuwa amekwisha kuwatupia mbwa.

Sijasahau uso wa mama. Alisimama mlangoni akiwatazama mbwa wakigombania kichwa cha samaki uani, na gazeti limepeperuka hadi kwenye ua wa mchongoma. Kogo alikuwa na tabia ambayo sisi watoto tuliijua vizuri: siku za amani alimsemesha mama Kipsigis, siku za vita alimsemesha Kiswahili, ili amkumbushe kwamba ni mtu wa kuja. Siku hiyo alisema, kwa Kiswahili chake kilichogeuza b kuwa p na g kuwa k, "Hiyo kitu hapana ingia kwa poma yangu, Bot Kiprono." Bot Kiprono, yaani mama yake Kiprono, kaka yangu aliyekuwa bodingi. Mama akajibu, "Sawa, Mama." Aliokota gazeti, akalikunja mara nne, akaliweka mfukoni. Jumamosi iliyofuata alitwaa kibao cha Guga akaniambia, "Twende."

Tulianza bila chelezo, tukitembea tu ufukweni, na hatukupata kitu. Jumatatu jioni baba alirudi na tyubu mbili kuukuu za trekta, akazitupa nyuma ya ghala la mahindi. Hakumwambia mtu neno. Nilipomwuliza za nini, alisema zilikuwa zinatupwa gereji, akaingia ndani kunywa chai. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache aliyapa trekta. Mama alizijaza upepo, akafunga mbao juu yake kwa kamba za katani, na Jumamosi ya pili tulikuwa juu ya maji, mimi nikipiga kasia la ubao wa kreti, yeye amekaa nyuma na mshipi kati ya vidole viwili.

Sasa nitawaambia nilivyokuwa mjinga. Kogo, akimkasirikia mama, alipenda kusema, "Huyo alizaliwa chini ya maji." Hakuna aliyekaa nami kunieleza mambo ya laini za zamani. Mimi nilijua tu kwamba mama alizaliwa chini ya maji, na sasa nilikuwa naye juu ya maji hayo, na yeye anasema kwa sauti ndogo, macho yamefumba nusu, "Pole pole, mama. Hapa ni kwa Mama Ayubu. Pinda kidogo. Hapa ni jikoni kwetu. Usikimbie." Angekuwa mtoto gani asiyeelewa? Nilielewa kabisa. Kule chini kulikuwa na mlango, na mama alikuwa anaupapasa kwa kijiko.

Kila mshipi uliposhtuka mkononi mwake niliona mtu wa kule akiuvuta. Walipopanda samaki, wa kijani, wazito, wenye mdomo wa kumeza ngumi, nilidhani ni zawadi za kumbembeleza. Niliwala, tena kwa furaha. Mama aliwakaanga nje, kwenye mafiga matatu nyuma ya ghala, na mimi nililamba chumvi vidoleni nikihuzunika. Vyote viwili vinawezekana ukiwa na miaka tisa.

Kogo alitoa hukumu yake siku ileile ya samaki wa kwanza. "Hiyo mkono isikuse masiwa yangu tena." Mama akasema tena, "Sawa, Mama," na hapo ndipo vita vilipoanza kweli, kwa sababu mama alitii. Alitii mpaka tukachoka. Hakukamua, hakusugua kibuyu, hakuchemsha maziwa. Alichuma chai, alilima, alifua, na Jumamosi alikwenda bwawani. Kogo alijaribu kusugua sotet kwa vidole vyake vilivyopinda, fimbo ikamponyoka, kibuyu kimoja kikapasuka. Mursik iliyofuata ilikuwa na vipande vya makaa na harufu ya chungu kisichooshwa. Baba aliionja, akaweka kikombe chini, akaomba chai ya rangi. Wiki tatu tulikunywa chai ya rangi, huku maziwa yakichukuliwa na majirani.

Mama alikuwa na njia yake ya kukaidi, na mpaka leo sijaona iliyo bora. Hakupaza sauti. Hakumsema Kogo kwa mtu yeyote, hata kwangu. Lakini hakwenda bwawani kwa kujificha. Alipita mbele ya nyumba ya Kogo, mshipi mkononi, akasalimu kwa adabu zote, na jioni akapita palepale na samaki wakining'inia kwenye uzi wa mgomba. Wanawake wa kanisa walimshauri azunguke njia ya chini. "Njia ya kwangu ni hii," aliwaambia. "Nilipitishwa hapa nikiolewa."

Ikawa posa ya Shangazi Chelangat, dada mdogo wa baba, imekaribia. Koito, kama tunavyouita mkutano huo, ungefanyika kwetu, na watu wa upande wa mume wangekuja kutoka Siongiroi kukaa na wazee wetu. Koito bila mursik haiendi. Kogo hakuwa na mursik, wala hakuwa na mikono ya kuitengeneza, na kwa kiburi chake hakutaka kuazima vibuyu kwa jirani. Alhamisi moja jioni nilikuwa nje chini ya dirisha lake nikitafuta kuku, nikamsikia akimwambia baba, "Chagua. Aache huo mshipi au arudi kwao." Nilimsikia baba akikohoa, kisha kiti kikasukumwa.

Arudi kwao. Ninyi mngesikia Uluhya. Mimi nilisikia bwawa. Nilisimama pale na kuku kifuani, nikaona kila kitu kimepangwa: watu wa chini wanavuta, watu wa juu wanasukuma, na Jumamosi kijiko kitagusa mlango. Sikulala vizuri, sikula uji. Niliazimia kwamba mlango hautapatikana.

Jumamosi asubuhi bwawa lilikuwa tulivu na ukungu umelala juu yake. Mama alikuwa na moyo mweupe siku hiyo, anaimba wimbo wa kwao kwa pua. Aliachia mshipi akihesabu pima, mpaka ishirini, akasema, "Tuanze barabara ya zamani, halafu sakafu ya kufulia. Visiki uvipite mbali kidogo, kijiko kisinase." Kwa hiyo nilijua la kufanya. Bati la kanisa lilipokaribia mkaratusi ulioinama kule ufukweni, mahali ambapo alikuwa amenifundisha kupinda, sikupinda. Nilipiga kasia kwa nguvu moja kwa moja hadi katikati ya visiki. Akasema, "Pinda." Nikaendelea. Akasema, "Wewe, pinda!" Mshipi ukakaza, ukalia kwa maji, na chelezo likasimama.

Alivuta kulia, akavuta kushoto. Alinitaka nizunguke upande wa pili, nikazunguka, haikusaidia. Kijiko cha baba yake kilikuwa kimenasa chini. Alivua sweta, akavua rinda, akabaki na shimizi. Nikamwuliza, "Unaenda wapi?" Akasema, "Kule chini kidogo." Kisha akaingia majini, akashika mshipi, akazama.

Sikujua kwamba mama anaweza kuogelea. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima ameingia majini zaidi ya magoti. Niliona nyayo zake nyeupe zikipotea, kisha povu, kisha hakuna kitu ila ukungu. Nilipiga kelele ambazo sijazipiga tena, hata kujifungua sikupiga hivyo. "Mama, usirudi kwenu! Mama, nitaosha vyombo! Mama!" Majirani waliokuwa wakichuma chai mteremkoni walitupa vikapu. Nilisikia wanaitana, na mtu akipaza sauti kuelekea bomani kwamba Bot Kiprono amezama.

Alitoka mara ya kwanza, akavuta pumzi, akazama tena kabla sijamaliza neno. Alitoka mara ya pili akitetemeka, midomo ya buluu, mikono mitupu, akashika tyubu. Hakufika. Kisiki kilikuwa chini zaidi kuliko alivyokumbuka, au yeye hakuwa tena na mapafu ya msichana. Alijivuta akapanda, akatoa kisu, akaukata mshipi wa Guga. Kisha akaniuliza swali moja tu. "Kwa nini hukupinda?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu mlango, kuhusu jikoni kwao kule chini, kuhusu Mama Ayubu anayevuta mshipi, na maneno ya dirishani kwa Kogo. Nilitarajia kofi, na lingekuwa la haki, kwa sababu kitu cha pekee alichokuwa nacho cha baba yake kilikuwa sasa kimekaa kwenye kisiki kwa sababu yangu. Mama alilia. Alilia kijiko, waziwazi, bila kujificha, maji ya bwawa na ya macho yakichanganyika. Halafu akanivuta akanikalisha mbele yake.

"Sikiza," akasema. "Kule chini ni matope na sementi. Hakuna mlango. Kwangu ni pale." Akanyoosha kidole kwenye paa letu la bati, na moshi wa jikoni. "Mimi nilikuja pale kwa miguu yangu. Sitoki. Na bwawani siachi. Umesikia? Vyote viwili. Mtu akikuambia uchague, muulize nani alimpa hiyo kazi ya kuchaguliana."

Tulipofika ufukweni palikuwa na watu kama kumi, na mbele yao Kogo, kiatu kimoja mguuni, kitambaa cha kichwa kimedondoka. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Alikuwa amekimbia, mwanamke yule wa magoti mabovu. Alimtazama mama kutoka nywele hadi vidole vya miguu, akahakikisha kwamba ni mzima, kisha uso wake ukarudi kuwa ule tuliouzoea. "Faa nguo," akasema. "Paridi itakuua." Akageuka akapanda mlima, akichechemea, na hakukubali mtu amshike mkono.

Jioni ileile mama alitoa kijiko kimoja katika vile sita alivyopewa siku ya harusi, akakata mpini kwa msumeno wa chuma wa baba, akatoboa tundu kwa msumari wa moto. Mimi nilinyofoa uzi mwekundu kwenye sweta yangu ya shule. Baba alitushikia taa ya mafuta karibu, akasema, "Tundu la pili liko juu sana," na hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi aliyowahi kutoa kuhusu uvuvi.

Jumapili baada ya kanisa mama alirudi bwawani na kijiko kipya, kwa saa moja tu, na samaki wawili wakatoka ukingoni mwa sakafu ya kufulia. Alikuwa anawaparua nyuma ya ghala, mikono imejaa magamba, Kogo alipotokea na vibuyu vinne kifuani. Alivipanga juu ya nyasi kimoja kimoja.

"Wageni nakuja Jumamosi," akasema. "Osha mkono ushike hii."

Mama hakusimama. "Nitaosha, Mama. Nitaosha kwa sababu ina magamba, vile ninaosha ikiwa na unga. Lakini si chafu. Na sijaacha."

Kogo aliwatazama samaki, akatazama vibuyu. Kuku mmoja alikaribia matumbo ya samaki, Kogo akamfukuza kwa mguu.

"Jumamosi hapana enda," akasema hatimaye. "Jumamosi ni wageni."

"Basi Jumatatu yake."

"Jumatatu hii lakwet, mtoto hii, iko shule. Nani atapika hiyo upao?"

"Nitapiga mwenyewe."

Kogo alikunja uso kana kwamba hilo ndilo kosa halisi, mtu mmoja kupiga kasia na kushika mshipi. Aliketi kwenye kigogo akangoja mama anawe, akamkabidhi fimbo ya senetwet, na mchana wote akakaa pale akimsahihisha, ingawa hapakuwa na cha kusahihisha.

Wageni walifika Jumamosi wakiwa sita. Ndani kulijaa makoti na kofia, harufu ya moshi na sabuni ya kunawia. Mimi nilibeba vikombe. Shangazi Chelangat alikuwa amejificha chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo, naye alikuwa amekonda wiki hiyo kwa wasiwasi, kwa maana alimpenda yule kijana. Mama alimimina mursik, ya kijivu, laini, isiyo na chembe, na mazungumzo yakapoa kidogo kama yanavyopoa watu wanapokunywa kitu kizuri. Mama yake yule kijana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikunywa nusu kikombe, akafuta mdomo.

"Ni nani aliyetengeneza haya?" akauliza. "Nauliza kwa sababu njiani tumeambiwa kuna mtu wa boma hili anayevua samaki."

Baba alitazama kofia yake. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona shangazi ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mama alikuwa amesimama na sotet ya pili, na nilimwona akivuta pumzi ajibu. Kogo alimtangulia.

"Mmeambiwa kweli," akasema kwa Kipsigis. "Ni huyo amesimama hapo. Ni mke wa mwanangu, anavua samaki bwawani mchana kweupe, na hayo unayokunywa ni ya mikono yake. Boma hili halina mikono mingine. Kama haikufai, weka kikombe chini, sisi tutabaki na binti yetu."

Yule mwanamke alikitazama kikombe. Wazee wa pande zote mbili wakatazama sakafu. Mama hakuinamisha kichwa wala hakurudi nyuma hatua moja. Kisha mgeni akakiinua, akanywa mpaka chini, akanyoosha mkono aongezewe, na mama akamimina.